Kura ni Ushahidi, na Ushahidi Hauuzwi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Hakimu asiyedhulumu hata uzani wa chembe. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyeufuata uwongofu wake. Ama baada ya haya:

Ndugu zetu Waislamu, hakuna barza katika Pwani yetu hii, tangu Vanga hata Kiunga, isiyosikika kilio juu ya Serikali Kuu. Huyu asema Nairobi yachukua wala hairejeshi. Yule asema bandari ni yetu na faida ni ya wengine. Wa tatu asema fedha za kaunti hucheleweshwa hata wauguzi wakakosa mishahara. Kisha hutokea mmoja akakata maneno kwa kusema: “Uchaguzi ni mchezo, matokeo hupikwa, mimi sipigi kura tena.” Watu humwitikia, wakanywa kahawa yao, wakaenda zao.

Sisi hatusemi kilio hicho ni cha bure. Twataka kukitazama kwa mizani ya dini: lipi katika haya ni dhulma tuliyotendewa, na lipi ni dhulma tuliyojitendea kwa mikono yetu. Kwani mgonjwa asiyetaka kuonyesha jeraha lake lote, tabibu hawezi kumtibu ila nusu.

Na tuanze na haki yetu. Nchi hii ilipopata uhuru tarehe 12 Disemba 1963, ilipata pamoja na katiba ya majimbo. Palikuwa na majimbo saba mbali na mji wa Nairobi, kila jimbo na baraza lake, na palikuwa na Baraza la Seneti la kuyalinda. Jimbo la Pwani liliongozwa na Bwana Ronald Ngala. Mwezi wa Oktoba mwaka uo huo yalikuwa yametimia mapatano juu ya Mwambao, na ndani yake mlikuwa na ahadi ya kuhifadhiwa mahakama za makadhi. Watu wetu wakadhani kwamba mambo yao yatakuwa mikononi mwao. Lakini haukutimia mwaka mmoja ila chama cha KADU, kilichosimama na majimbo, kilijivunja Novemba 1964, na ilipofika tarehe 12 Disemba 1964 nchi ikawa jamhuri na nguvu za majimbo zikarudi Nairobi. Seneti nayo ikaunganishwa na Bunge mwaka wa 1966. Basi kwa muda wa karibu miaka hamsini mkuu wa wilaya alitumwa kwetu kutoka mbali, akatutawala, wala hatukuwa na njia ya kumuuliza.

Katiba ya mwaka 2010 imeturejeshea baadhi ya yale. Zimekuwako kaunti 47, na imeamrishwa kwamba zisigawiwe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hii ni neema, na kuikanusha ni kukufuru neema. Lakini hapana anayeficha kwamba fedha hizo hufika baada ya kucheleweshwa mara kwa mara, wala kwamba yako mambo makubwa yaamuliwayo bila ya kuulizwa wenyewe. Mwaka wa 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ya bara iondoke Mombasa kwa reli mpya tu, ikaaguliwe huko juu. Madereva, makuli, wenye mabohari na wenye mikahawa ya njiani wakaona riziki zao zikikatika kwa barua moja, wakatoka barabarani. Haikurejeshwa kazi hiyo bandarini ila mwaka wa 2022, baada ya serikali kubadilika. Katika hilo mna mazingatio: lililovunjwa kwa kalamu ya mtawala lilirejeshwa kwa sababu ya kura.

Na juu ya kura yenyewe tuna malalamiko, na makubwa zaidi. Mwaka wa 1988 watu waliamrishwa wapige mlolongo nyuma ya picha za wagombea. Ikawa mlolongo mrefu watangazwa kuwa umeshindwa na mfupi, na watu wametazama kwa macho yao mchana wa jua. Mwaka wa 2007 Rais aliwateua makamishna wa uchaguzi peke yake, akayaacha mapatano ya mwaka 1997 ya kushauriana na vyama vingine. Ukaja uchaguzi wa Disemba, hata mwenyekiti wa Tume hiyo akasema mbele ya waandishi wa habari kwamba hajui kama aliyetangazwa ndiye aliyeshinda. Watu zaidi ya 1,100 wakauawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa majumbani mwao. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba, kwa kuwa haukuendeshwa kama sheria na Katiba zilivyotaka, na Tume ilikuwa imekataa kuifungulia Mahakama mitambo yake kama ilivyoamrishwa. Mwaka wa 2022 makamishna wanne katika saba waliyakana matokeo aliyoyatangaza mwenyekiti wao, ingawa Mahakama ya Juu iliyathibitisha.

Baada ya hayo likaja jambo ambalo lau lingetokea katika duka la mtu angelifunga. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 nchi nzima haikuwa na kamishna hata mmoja wa uchaguzi. Mbunge wa Banissa, kule Mandera, alifariki Machi 2023. Kiti cha Magarini, hapa Kilifi, kilibatilishwa mahakamani. Raia wa Banissa wakakaa zaidi ya miaka miwili bila ya msemaji Bungeni, wakitozwa kodi kama wengine, mpaka walipopiga kura pamoja na wa Magarini tarehe 27 Novemba 2025. Na katikati ya muda huo, Juni 2024, ndipo lilipoletwa lile sharti la kodi mpya, vijana wakajaa mabarabarani, damu ikamwagika, na mswada ukaondolewa baada ya roho kupotea. Pale mlango wa kura ulipofungwa, watu walitafuta mlango mwingine, na mlango huo ulikuwa wa risasi.

Haya yote ni kweli, na anayeyasema hasemi uwongo. Lakini, ndugu zetu, hapa ndipo twapenda msikilizaji asiondoke.

Baada ya msiba wa 2007 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini. Tume hiyo iliona kwamba uchaguzi ule ulikuwa umeharibika kiasi ambacho haiwezekani kumjua mshindi. Watu wengi walilishika neno hilo moja. Walilolisahau ni kwamba tume iliona pia ununuzi wa kura ulioenea, na masanduku yaliyojazwa katika ngome za pande zote mbili. Tuifikirini maana yake. Ngome ni mahali ambapo watu wote ni wa upande mmoja. Mwenye kusimamia kituo ni mwenyeji, karani ni mwenyeji, wakala ni mwenyeji, na wapiga kura ni jirani zao. Sanduku halikujazwa na mtu aliyeshuka kutoka Nairobi usiku. Lilijazwa na watu wa mtaa, na watu wa mtaa wakanyamaza, kwa kuwa wizi ule ulikuwa wa faida yao. Basi tusidanganyane kwamba uchaguzi huharibikia Nairobi tu. Nairobi humalizia kazi iliyoanzwa vichochoroni mwetu.

Na huanzwaje? Huanzwa kwa noti ya shilingi mia mbili. Huanzwa kwa leso ya mama, na pakiti ya unga, na mfuko wa muguka kwa kijana. Mwenye kupokea husema: “Hii ni haki yangu, huyu akishachaguliwa sitamwona tena.” Maneno haya yana ukweli ndani yake, na ndiyo sababu yanaua. Kwani aliyenunua bidhaa na akalipa thamani yake, muuzaji ana dai gani tena juu yake? Mbunge aliyekulipa kwa kura yako hana deni kwako. Ukienda kumuuliza habari za maji na zahanati, yeye moyoni mwake asema: huyu nilikwisha kumalizana naye.

Sasa tuitazame hukumu. Kura ni nini katika sheria ya dini yetu? Wanazuoni wengi wa zama hizi wameieleza kwamba ni ushahidi: mtu ashuhudia mbele ya Mola wake na mbele ya watu kwamba fulani, kwa ajuavyo, ndiye mwenye kustahiki kazi hii. Na ikiwa ni ushahidi, basi zote hukumu za ushahidi zaiandama. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya An-Nisaa tusimame imara na uadilifu, tuwe mashahidi kwa ajili Yake, ijapokuwa ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu au wazazi wetu au jamaa zetu. Basi aliyempigia mtu kura kwa kuwa ni wa kabila lake au mtoto wa shangazi yake, naye ajua kwamba hafai, ameihalifu aya hii. Na katika Sura ya Al-Baqara ametukataza kuuficha ushahidi, akaueleza moyo wa mwenye kuuficha kuwa ni moyo wenye dhambi. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliuhesabu ushahidi wa uwongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, na akamlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Hakumlaani mmoja akamwacha mwenziwe.

Na iko hadithi katika Bukhari na Muslim, ilivyopokewa na Abu Huraira, ambayo twaona imesahauliwa na watu wetu. Mtume alitaja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawatazama siku ya Kiyama wala hatawatakasa. Mmoja wao ni mtu aliyempa kiongozi ahadi ya utii si kwa jingine ila kwa ajili ya dunia: akipewa hutimiza, na asipopewa hatimizi. Je, yuko anayehitaji tafsiri ya hadithi hii katika mwezi wa kampeni?

Wala tusimtazame mwenye njaa peke yake. Mama aliyepokea pakiti ya unga huenda watoto wake walilala bila ya chakula. Ni nani aliyepokea pasi na njaa? Ni msikiti uliotandikiwa zulia jipya na mgombea wiki tatu kabla ya uchaguzi. Ni kamati iliyompa mgombea huyo nafasi ya kusimama baada ya sala ya Ijumaa, eti awasalimie waumini. Ni sheikh aliyemwombea dua mbele ya watu, kisha akatiwa bahasha mkononi. Mtume alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akagawa mafungu mawili, akasema hili lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi ingemjia. Nasi twauliza: huyu mwenye zulia, mbona hakuliona tandiko bovu miaka minne iliyopita? Zawadi iliyosubiri uchaguzi si zawadi. Na ikiwa walio mbele ya safu wamepokea, watawakataza kwa ulimi gani walio nyuma?

Sasa tumgeukie yule wa barza aliyesema hapigi kura tena. Mwaka wa 2022, wakati nchi nzima ilipopiga kura kwa kiasi cha asilimia 65, hapa Mombasa hata nusu ya walioandikishwa hawakufika vituoni. Tulikuwa miongoni mwa walio wachache kabisa katika kaunti zote. Wako wanaodhani kwamba kususia ni kuiadhibu serikali. Haiadhibiki. Wachache wakipiga kura, gharama ya kuwanunua hupungua, basi kila mwema anayekaa nyumbani humrahisishia mwovu biashara yake. Na wako wanaosema kwamba uchaguzi huu si wa Kiislamu, ni afadhali kujitenga nao. Twawajibu: kodi mnalipa, na hukumu za mahakama zawapitia, na watoto wenu wasoma katika skuli zao. Dhulma ikiwafikia mwalia. Basi mtu aliyeweza kuipunguza dhulma kwa neno la haki akanyamaza, atasema nini kwa Mola wake? Nabii Yusuf, amani imshukie, aliomba awekwe juu ya hazina za Misri chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, kwa kuwa alijua ataweza kuzilinda chakula cha watu.

Na baada ya kujirekebisha nafsi, hatuna budi kuitaka serikali irekebishe sheria. Dini yetu haisemi tumwachie kila mtu na moyo wake; imeweka mashahidi, na maandishi, na mizani, kwa kuwa nyoyo hupotoka. Mambo ambayo twaona yafaa kudaiwa ni haya.

Kwanza, mwenye kuhesabu asiwe mwenye kushindana, wala asiteuliwe na anayeshindana. Sayyidna Umar alipojeruhiwa, mwaka wa 23 wa Hijra, aliwaachia jambo watu sita wachaguane, akamweka mwanawe Abdallah ahudhurie shauri pasi na kuwa na fungu lolote katika utawala. Nao walipokutana, Abdurrahman bin Auf alijitoa yeye mwenyewe katika ukhalifa ndipo akakubaliwa kuwa msuluhishi. Akakesha masiku akiwashauri watu wa Madina, kisha akatangaza msikitini mbele ya wote. Hii ndiyo kanuni: ajitoe kwanza, kisha ahukumu. Basi uteuzi wa makamishna usiwe mkononi mwa Rais wala mwa wakuu wa vyama wakigawana kama nyama ya karamu. Na muda wao wa kazi usiishe wote siku moja. Wapokezane, ili isitokee tena miaka miwili ya nyumba tupu.

Pili, kura iwe ya siri na hesabu iwe ya wazi. Mwaka wa 1988 mambo yaligeuzwa: kura ilikuwa wazi, mtu akaogopa bwana wake, na hesabu ikawa siri, mwongo akapata nafasi yake. Mahakama ya Rufani iliamua Juni 2017 kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, hayabadilishwi Nairobi. Na mwaka wa 2022 fomu za vituo zaidi ya 46,000 zilitiwa katika tovuti ya Tume, na kila mwenye kutaka akajumlisha mwenyewe. Hilo lilikuwa jema, na jema lisiachwe kuwa ihsani ya tume moja. Liandikwe liwe faradhi ya sheria, kwa kila kiti, hata cha mwakilishi wa wadi, kwani huko ndiko macho ni machache na wizi ni rahisi.

Tatu, fedha za kampeni zitiwe mpaka. Sheria ya kuzidhibiti ilipitishwa mwaka wa 2013. Uchaguzi wa 2017 ulipita na wa 2022 ukapita pasi na kutumika, na Tume ilipoweka viwango mwaka wa 2021, Wabunge waliviondoa. Mtu aliyetumia mamilioni kuutafuta mshahara usiofika mamilioni hayo, alikusudia kuyarejesha kutoka wapi? Hata mtoto wa chuoni aweza kuifanya hesabu hii.

Nne, haki ya kitambulisho ihifadhiwe kwa sheria. Asiye na kitambulisho haandikishwi, na asiyeandikishwa hana kura. Kwa miaka mingi vijana wetu wa Garissa, Wajir na Mandera, na wengi wa Pwani, waliwekwa mbele ya kamati za uhakiki, wakaulizwa hati za mababu zao. Mwenzao wa rika moja sehemu nyingine aliingia ofisini na kutoka. Februari 2025 Rais alitia sahihi amri ya kuuondoa uhakiki huo. Twashukuru, lakini haki iliyosimama juu ya amri ya mtu mmoja yaweza kuanguka kwa amri ya mwingine. Bunge ndilo liiandike.

Haya manne ni ya Bunge. Yetu hayangoji Bunge. Katiba imeuweka uchaguzi mkuu katika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata ule wa 2022 ni wa tarehe 10 Agosti 2027. Twawaomba maimamu wakubaliane, kila mtaa, kwamba hakuna mgombea atakayepewa nafasi ya kusema msikitini, wala hapokelewi kitu katika mwaka wa uchaguzi. Twawaomba wazee wawapeleke vijana waaminifu wawe mawakala vituoni, wakae mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, na fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni waipige picha waihifadhi. Twawaomba wenye uwezo watoe zaka na sadaka zao mapema kwa majirani, ili mama asije akauza ushahidi wake kwa pakiti ya unga. Huyo mama, madhali sisi twajua njaa yake na tukanyamaza, dhambi ile hatachukua peke yake. Na twawakumbusha wote kwamba Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 yamtia hatiani mwenye kutoa na mwenye kupokea. Katika hili sheria ya nchi imekwenda njia moja na hadithi ya Mtume, basi hakuna udhuru.

Wala asitwambie mtu kwamba tukifanya haya twaweza kushindwa vilevile. Twaweza. Shahidi hakuamrishwa kushinda kesi; ameamrishwa kusema kweli. Akishasema, ametoka katika dhima, na kilio chake juu ya dhalimu chasikilizwa mbinguni, kwa kuwa hakushirikiana naye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusimamishie mambo yetu wale wamchao na wenye huruma na raia, atukinge na rushwa inayotolewa na inayopokelewa, na azipe nyoyo zetu nguvu ya kusema haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu. Amin. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Wal-hamdu lillahi Rabbil-alamin.